Matumbo Mawili, Koo Moja

Kabla ya kufunguliwa daraja la Kilifi mwaka 1991, msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi hakuwa na hila: akifika ukingoni mwa hori ile pana alizima gari, akashuka, akanunua korosho au dafu, akangoja zamu yake ya kuvuka kwa pantoni, na kungoja huko, ambako siku ya shughuli kuliweza kumeza saa nzima au zaidi, ndiko kulikotupa sisi watoto wa pwani fursa ya kuyatazama magari ya watu na kuyajua kwa sura, kwa mngurumo na hata kwa harufu, kama wazee wetu walivyokuwa wakilijua jahazi lingali mbali kwa umbo la tanga lake. Wako waliopenda mabasi, na wako waliopenda malori ya mkonge. Mimi nilipenda yale magari ya kulala, ambayo wageni walisafiri nayo bara na bara wakiwa na kitanda, jiko na kabati humo humo ndani, na nusu ya mapenzi yangu hayo ilitokana na jambo moja ambalo mtu mwingine huenda asilione kuwa la kupendeza hata kidogo, nalo ni matangi yao mawili ya mafuta.

Mara ya kwanza kulitambua jambo hilo nilikuwa na mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa magari huko Shela ya Malindi, nasi tulikuwa kituoni kununua mafuta. Mbele yetu palisimama Land Rover ndefu, yenye paa la kuinuka kwa ubavu na turubai la milia, na mwenyewe akamwagiza kijana wa kituo atie petroli ubavuni, chini ya mlango, mpaka ikafika shingoni. Kisha, badala ya kulipa, akamwongoza upande wa nyuma, akafungua kifuniko cha pili, akamwambia atie tena. Nikamuuliza mjomba kama lile gari limetoboka. Akacheka, akasema: "La, mwanangu. Gari hili lina matumbo mawili na koo moja." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisaka asili ya matumbo hayo, na niliyoyapata ndiyo nitakayoyaeleza.

Petroli ilipoanza kuletwa pwani yetu haikuja kwa meli za matangi, wala haikuuzwa kwa mashine yenye kuhesabu. Ilikuja ndani ya madebe ya bati, kila debe galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na ziada kidogo, na madebe mawili yakitiwa katika kasha moja la mbao. Neno debe lenyewe tumelipokea kutoka Bara Hindi, na chombo chenyewe kilipokwisha kumiminwa hakikutupwa kamwe: kilitekewa maji, kilipimiwa mahindi, nacho kikipasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo kilikuwa paa la nyumba ya maskini, hata leo hii ukipita mitaa ya zamani huenda ukaliona bati lililokula kutu ambalo asili yake ni mafuta. Basi gari la zama zile lilikuwa na matangi mawili kabla ya mhandisi yeyote kulifikiria jambo hilo. La kwanza lilikuwa tangi lake la kiwandani, na la pili lilikuwa debe lililofungwa kwa kamba ubavuni, likivuja tone kwa tone, likinuka, na kumtia hofu kila abiria aliyekuwa na sigara mdomoni.

Gari mashuhuri la siku hizo, Ford Model T, lililoanza kuundwa mwaka 1908, liliweka tangi chini ya kiti cha dereva, nalo halikuwa na pampu: petroli ilishuka kwa uzito wake tu mpaka kwenye kabureta. Taksiri ya tadbiri hiyo ilidhihiri milimani, kwani gari likiinua pua na tangi limepungua, petroli ilikuwa chini kuliko kabureta, na injini ikafa kwa kiu ilhali mafuta yamo. Ndipo madereva wakajifunza kupanda kilima kinyumenyume, pua chini na mkia juu, jambo ambalo wasiojua sababu yake waliliona kuwa wazimu. Nalitaja hili si kwa mzaha. Yeyote anayetaka kufahamu matangi mawili sharti kwanza afahamu kwamba mafuta ni maji, nayo hutafuta bonde lake popote palipo na mteremko. Nusu ya maarifa ya fundi ni kujua yamekimbilia wapi.

Ukoo wa pili wa matangi haya uko mashambani. Trekta la Fordson, lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1917 na kuenea ulimwenguni, lilikuwa na tangi kubwa la mafuta ya taa na jingine dogo la petroli, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi kwa bei lakini hayawaki katika injini baridi. Dereva aliiwasha injini kwa petroli, akangoja ipate moto, akageuza koki ili inywe mafuta ya taa siku kutwa, na jioni kabla ya kuizima akarudisha koki kwenye petroli ili kabureta ilale na petroli ya kuwashia asubuhi. Aliyesahau kugeuza jioni alipata adhabu yake alfajiri, akizungusha mkono wa chuma mpaka jasho likamlowesha. Hapa pana tofauti ya maana: matangi ya trekta ni mawili kwa sababu mafuta ni ya namna mbili; matangi ya gari la safari ni mawili kwa sababu njia ni ndefu. Walakini ile koki ni ileile, na mazoea ya mkono ni yaleyale.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1940 ndege za Kiitalia ziliishambulia Malindi kwa mabomu, na mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Waingereza na ya makoloni yao, wakiwamo askari wetu wa King's African Rifles (K.A.R.), yakatoka Kenya kuingia Somalia, yakavuka mto Juba na kuifukuzia Mogadishu. Majenerali wote waliohusika walijua kuwa adui mkubwa kuliko Mwitalia alikuwa ukosefu wa petroli, maana kila maili ya kwenda mbele ilirefusha njia ya malori ya kuleta mafuta, nayo malori yenyewe yakinywa sehemu ya kile yalichobeba; na Mogadishu ilipoangukia mikononi mwao tarehe 25 Februari 1941, ushindi wenyewe haukuwa na thamani kama ghala walizozikuta, galoni 350,000 za petroli ya magari na galoni 80,000 za mafuta ya ndege, ambazo ndizo zilizowafungulia njia ya kuelekea Uhabeshi. Huko kaskazini, katika jangwa la Libya, Waingereza walikuwa wakibeba petroli katika madebe yaleyale ya galoni 4, mabati mepesi yaliyopasuka viungo kwa mtikiso, na hasara yao ilikuwa kubwa mno. Wajerumani wao walikuwa na mtungi wa chuma wa lita 20, wenye mishiko mitatu na kifuniko cha kubana, usiovuja hata ukiangushwa. Waingereza waliokuwa wakimwita Mjerumani kwa utani Jerry waliuteka mtungi huo, wakauiga, na jina la utani likabaki ndani yake mpaka leo, nasi tunasema jerikani bila kukumbuka kwamba tunamtaja askari.

Land Rover ilizaliwa katika dunia iliyojifunza somo hilo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, nayo ilikuwa na tangi la galoni 10, kama lita 45, chini ya kiti, hata katika zile za mwanzo ilikubidi uinue mto wa kiti ndipo utie petroli, kama Model T ya babu yake. Zilipokuja zile ndefu za inchi 109, gari la abiria liliwekewa tangi kubwa nyuma, galoni 16, lita 73 hivi, na aliyetaka aliongezewa lile la chini ya kiti. Kampuni ya Martin Walter, ya mji wa Folkestone huko Uingereza, ambayo ilikwisha kupata sifa kwa magari yake ya kulala yaitwayo Dormobile, ilizichukua gari hizo miaka ya 1960, ikakata paa na kuweka jingine la kuinuka kwa ubavu, vitanda viwili juu na nafasi ya wawili chini, jiko la gesi, kabati na karai la kuoshea. Ndilo gari nililoliona kituoni. Mtu aliyekuwa nalo alibeba mafuta ya namna mbili katika matumbo matatu: petroli mbele, petroli nyuma, na mtungi wa gesi ya kupikia uji.

Lakini tuingie chini ya gari, maana hapo ndipo penye utamu.

Mjomba aliletewa gari la namna hiyo siku moja, likilalamikiwa kuwa linazimika ovyo, naye akaniita nishike taa. Aliinua kiti cha dereva, akaondoa bati, akanionyesha koki ya shaba iliyokuwa na ukubwa wa yai la kuku: mirija miwili ikiiingia, mmoja kutoka tangi la kiti na mmoja kutoka tangi la nyuma, na mrija wa tatu ukiondoka kuelekea injini. Ndani ya koki mna kiziba cha mviringo kilichotobolewa njia ya kona, kwa hiyo ukikigeuza upande huu kona ile hukutana na mrija wa mbele na kuuziba wa nyuma, na ukikigeuza upande wa pili huwa kinyume chake. Katikati huziba pote pawili. Hakuna hali ya kufungua pote. Nilimuuliza kwa nini, kwani kwa akili ya mtoto niliona kwamba mwenye visima viwili angechota kwa ndoo mbili.

Jawabu lake lilikuwa refu, nami nalifupisha. Pampu ya injini hiyo haisukumi kutoka tangini, bali hunyonya: iko kwenye ubavu wa injini, ina utando unaovutwa na kuachiwa na nundu ya kemshafti, na nguvu yake ni ndogo kama ya mtoto anyonyaye dafu kwa mrija. Kitu chepesi ndicho kinachokuja kwanza. Ukiacha njia zote mbili wazi, na tangi moja likakauka, pampu haitavuta petroli ya tangi lililojaa, itavuta hewa ya tangi tupu, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Injini itakufa ilhali una lita 70 nyuma ya mgongo wako. Na hata kama yote mawili yana mafuta, matangi yaliyoungana kwa chini hugeuka kuwa bwawa moja, gari likiegemea ubavuni au likiinua pua, mafuta ya upande wa juu hukimbilia upande wa chini mpaka yakafoka kwenye kifuniko. Kwa hiyo matumbo mawili, koo moja, na koo hilo humeza kwa zamu.

Kila tangi lina viungo vyake vinne: mdomo wa kutilia, mrija mwembamba wa kuvutia pumzi, ambao ukizibwa na nyigu au matope tangi hubanwa na pampu hushindwa, bomba la kunyonyea lililo na chujio la wavu, ambalo halikufika chini kabisa ili takataka na maji yabaki sakafuni, na boya. Boya hili, likipanda na kushuka pamoja na mafuta, huburura kidole juu ya waya uliokunjwa kunjwa, na kadiri waya ulivyo mrefu ndivyo umeme unavyopungua, na geji ya mbele ya dereva huutafsiri upungufu huo kwa mshale. Sasa zingatia: maboya ni mawili, lakini geji ni moja. Pana swichi ndogo ya kuchagua boya la kusomwa, na swichi hiyo, katika magari mengi ya zamani, haikufungamana na koki hata kidogo. Dereva akigeuza koki asiguse swichi, gari hunywa tangi la nyuma na geji husoma la mbele, na mshale unabaki umetulia kwenye kujaa kama shahidi wa uongo mbele ya kadhi.

Hiyo ndiyo ilikuwa aibu ya gari lililoletwa kwa mjomba. Wenyewe, mume na mke kutoka Uingereza, walisema mambo yaliwafika kwenye mteremko wa pantoni ya Kilifi, upande wa kaskazini. Walivuka salama, pantoni ikagusa nchi, mlango ukateremshwa, nao wakaanza kupanda kile kilima kifupi chenye ukali, wakiwa na basi nyuma yao; gari likainua pua, petroli iliyobaki kidogo ikakimbilia nyuma ya tangi, mdomo wa bomba la kunyonyea ukabaki katika hewa, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Geji ilisema robo tatu. Basi likapiga honi, mabaharia wa pantoni wakapiga kelele, akina mama wauza maembe wakatoa rai zao bila ya kuombwa, na hatimaye vijana kumi wakalisukuma gari mpaka juu kwenye tambarare, ambako, kwa mshangao wa wote, likawaka. Maana kwenye tambarare petroli ilirudi mahali pake. Wakaenda kilomita chache likazimika tena. Fundi wa kwanza waliyemkuta njiani aliwabadilishia plagi na kuwatoza. Wa pili akafungua kabureta. Mjomba hakufungua kitu. Aligeuza koki kwenye tangi la nyuma, akasukuma kwa kidole kile kijiti cha pampu mara nane au tisa mpaka petroli ikapanda, akawasha, akarudi kunawa mikono. Kisha akachukua rangi nyeupe na kuchora alama mbili, moja kwenye swichi na moja kwenye koki, ili mtu aone kwa jicho zikipishana. Alitoza shilingi za rangi tu.

Wakati wanangoja chai aliwauliza wanakokwenda, wakasema Lamu, akatikisa kichwa. Njia ya Malindi hadi Mokowe, ambako gari huachwa na mtu akapanda mashua, ni kadiri ya kilomita 220, na siku hizo ilikuwa ya mchanga na udongo mweusi, na huko Garsen palikuwa na pantoni nyingine ya kuvukia Tana. Land Rover ya petroli yenye mzigo wa nyumba huenda kilomita 5 kwa lita moja katika njia kama hiyo, na pengine 4. Fanya hesabu: tangi la kiti, lita 45, lakufikisha kilomita 225 kwa bahati njema, yaani lakufikisha Mokowe na kukuacha hapo. Na mto ukiwa umefurika, hukufika Mokowe wala popote; wageuza gari na kurudi Malindi kwa mafuta yaleyale uliyotoka nayo. "Tangi la kwanza la kwendea," akawaambia kwa Kiingereza chake cha gereji, "la pili la kurudia." Nimesoma baadaye vitabu kadhaa vya magari, vyenye michoro mizuri, na vyote vyasema kwamba tangi la pili huongeza masafa. Kauli ya mjomba yaonekana kwangu kuwa sahihi zaidi, kwa sababu mtu anayelihesabu tangi la pili kuwa ni la kwenda mbele hutumbukia katika shimo lilelile, isipokuwa mbali zaidi na kwao.

Wageni wa namna hiyo walikuwa wengi Malindi katika miaka ya 1970, wakipiga kambi ufuoni Silversands, na aghalabu ya waliokuja kwa nchi kavu kutoka Ulaya walikuwa wamekwisha kuvuka Sahara, ambako matangi mawili hayakuwa anasa. Katika nyika ya Tanezrouft, kati ya Reggane ya Algeria na Gao ya Mali, zaidi ya kilomita 1,200 za tupu, mahali maarufu pa kutua njiani paliitwa Bidon V, yaani pipa la tano, kwa kuwa hapakuwa na mji, mti wala kisima cha kupapa jina, bali pipa la alama lenye namba. Watu waliozoea njia hiyo walipofika kwetu na kukuta kituo cha mafuta Mombasa, kingine Kilifi na kingine Malindi, walicheka. Wangecheka kidogo kama wangemuuliza dereva wa basi la Lamu.

Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, katika miaka hiyohiyo Wataliano walikuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa lao la San Marco lililosimama baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, waliirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Roketi yao, Scout, ilikuwa na vyumba vinne vya mafuta makavu vilivyowaka kimoja baada ya kingine, na kila kilichokwisha kikatupwa. Mjomba alipoelezwa hayo alisema ni matangi manne bila koki, na kwamba hataki kazi katika gereji ambayo tangi likishaisha hutupwa baharini.

Oktoba 1973 vilizuka vita vya Mashariki ya Kati, na mpaka Januari 1974 bei ya pipa la mafuta ghafi ilikuwa imepanda kutoka takriban dola 3 hadi zaidi ya dola 11. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilikuwa karibu nasi, lakini ukaribu wa kiwanda haukupunguza bei. Ndipo matangi mawili yalipopata maana mpya: mwenye nayo aliweza kujaza siku bei ingali ya jana. Huko Marekani, ambako magari ya kulala yalikwisha kuwa makubwa kama mabasi, na injini zao zikinywa lita moja kwa kilomita mbili au tatu, matangi mawili yaliendeshwa kwa swichi ya umeme: dereva akibonyeza, sumaku hufungua mlango mmoja wa vali na kufunga wa pili, na geji hufuata hapohapo. Ni hikima kubwa, na yaondoa kosa lile la koki na swichi kupishana. Lakini mimi, niliyelelewa na hewa ya chumvi, siiamini. Sumaku inayokaa chini ya gari Malindi hupata kutu kabla ya mwenye gari kuzoea rangi yake, shaba hudumu.

Dizeli ilileta fumbo jingine, ambalo limewatesa mafundi wengi waliozoea petroli. Injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayoyachoma, na yale ya ziada, yakiwa yamekwisha kupoza na kulainisha pampu, hurudishwa tangini kwa mrija wa pili. Je, yarudi tangi lipi? Fundi asiyejua hufunga koki ya zamani ya njia tatu, akauacha mrija wa marejeo umeelekea tangi la mbele daima. Dereva akitumia la nyuma, lita baada ya lita huhamia mbele kimya kimya, la nyuma likakauka mapema na la mbele likafurika na kumwagika barabarani. Hivyo vali ya dizeli sharti iwe na njia sita: mbili za kuvuta na moja ya kwenda injini, mbili za kurudisha na moja ya kutoka injini, zote zikigeuka pamoja, ili kila tangi lilipwe deni lake lenyewe. Toyota Land Cruiser zile ndefu za nyuma, ambazo sasa ndizo zilizoirithi njia ya Lamu, zimepata kutoka kiwandani zikiwa na matangi mawili ya lita 90 kila moja na swichi mbele ya dereva, nazo zimeutatua uchawi huu vizuri.

Ama madhara ya tangi la akiba ni haya, na yote yatokana na kuachwa. Tangi lisilotumika hupumua: mchana joto hutoa hewa yake, usiku ubaridi huingiza hewa nyingine yenye unyevu wa bahari, na unyevu huo huganda kwenye bati la juu na kudondoka, maji ni mazito kuliko petroli, basi hulala sakafuni na kuanza kula chuma kutoka ndani. Petroli yenyewe ikikaa miezi hugeuka gundi inayonata katika chujio. Na kiziba cha koki kisichogeuzwa hushikamana, siku ya dhiki kikakataa, au kikakubali na kuvunjika shingo. Magari kadhaa ya wageni wa zamani yaliyobaki nyuma, ambayo wenyewe waliyauza walipopanda ndege kurudi kwao, nimeyaona yakiwa na tangi la nyuma zima kwa nje na limekwisha kwa ndani, ukilibonyeza kwa kidole gumba hubonyea.

Daraja lilipofunguliwa, mteremko wa pantoni ukabaki kwa wavuvi na watoto waogao, na vituo vya mafuta vikaongezeka hata hakuna tena mwenye haja ya kuhesabu lita baina ya Mtwapa na Malindi. Mjomba alistaafu na spana zake. Wewe uliyerithi au kununua gari la namna hiyo, nawe huenda ukawa Watamu, Mambrui au Kilifi yenyewe, nakuomba mambo matatu tu: usiliache tangi la pili tupu wala usiliache na mafuta ya mwaka jana, igeuze koki mara moja kila juma hata kama huendi popote, na injini ikizima huku geji yasema mafuta yapo, kabla ya kumwita fundi na mkoba wake, tazama kwanza swichi na koki kama zimeelekea tangi moja.